Transfoma Niliyoipendea Sura

Naomba mnisikilize hadi mwisho kabla hamjacheka, maana najua mtacheka, hata mama yangu mzazi alicheka mpaka akaweka sufuria chini, lakini siku ya utambulisho wangu nilitamani ardhi ya Nkuhungu ipasuke inimeze mimi, suti yangu na kila waya niliokuwa nimeushika.

Naitwa Elia, nafundisha fizikia sekondari na naishi Ipagala, na ugonjwa wangu mkubwa ni redio (siyo za kununua, za kujitengenezea). Zile ninazozipenda nusu yake ni kibao kidogo chenye vipuri na nusu nyingine ni programu ndani ya kompyuta: antena inanasa mawimbi, kibao kinayapokea, kompyuta inayachambua na kuyageuza kuwa sauti. Jioni nikimaliza kusahihisha kazi za wanafunzi navaa vipokea sauti vya masikioni, nafumba macho, na humo chumbani anaingia mtu anayesoma habari kwa lugha nisiyoijua, sauti yake inakuja na kupotea kama mtu anayepita upande wa pili wa shamba la mtama, na mimi nasahau hata kula.

Basi Nyemo, mchumba wangu, aliponipeleka Nkuhungu kwa baba yake, Mzee Sogodi, nikakuta mzee ambaye ujana wake wote ulipita Mpwapwa kwenye kazi za mifugo, na burudani yake huko ilikuwa redio ya masafa mafupi. Alinisimulia jinsi alivyokuwa akitundika waya juu ya paa na kusikiliza nchi za mbali huku ng'ombe wakicheua nje. Redio ile ilikufa, na hakupata nyingine ya kumridhisha.

"Sikuhitaji kuelewa wanasema nini," aliniambia. "Nilitaka kujua tu kwamba wapo."

Maneno hayo yaliniingia moyoni, nikajikuta (mdomo wangu huu!) namwambia, "Baba, nitakutengenezea ya kwako, nitaileta siku ya utambulisho." Nyemo akanikanyaga mguu, nikadhani ni mapenzi.

Redio yenyewe ilikubali mapema. Kilichobaki ilikuwa transfoma ya sauti, kile kidude kinachokaa katikati ya kompyuta na vyombo vya muziki, kazi yake kupitisha sauti bila kuunganisha nyaya za pande mbili moja kwa moja, ili mngurumo wa umeme usivuke. Nilikuwa nazo mbili. Moja ndogo, niliitoa kwenye mashine ya zamani ya simu za ofisini, imefungwa ndani ya kikopo cha chuma, haina sura wala haiba. Nyingine niliichomoa kwenye amplifaya iliyokufa: kubwa, bati zake zinang'aa, shaba imezungushwa vizuri mpaka unatamani kuibusu, na iko wazi kabisa, haijafunikwa na chochote. Fizikia yangu yote ilijua kwamba ndogo ndiyo yenyewe, kwamba ile kubwa ilitengenezwa kwa kazi nyingine na ingeshusha sauti, na kwa kuwa iko wazi ingedaka kila sumaku iliyo jirani. Lakini nilijiona, jamani, nafunua boksi mbele ya baba mkwe, jua linaipiga ile shaba, wazee wanatikisa vichwa kwa kustaajabu. Nikalehemu ile kubwa.

Siku ikafika. Turubai limefungwa uani, viti vimejaa, upepo unaleta harufu ya vumbi na ya nyama inayochemka, Nyemo yuko ndani na mashangazi zake kama desturi inavyotaka, na Mzee Sogodi amekaa mbele, mchungaji wa kanisa lake ubavuni kushoto. Baba yangu mkubwa, msemaji wetu, akatoa hotuba iliyoanzia kwa babu wa babu yake. Alipomaliza nikaleta redio. Juma, kijana wa muziki, akachomeka waya wangu kwenye vyombo vyake.

Sauti ikatoka ndogo, kama mbu ndani ya chupa.

"Mwalimu, niongeze?" Juma akauliza. Nikasema ongeza. Akaongeza, na mngurumo ukaongezeka nao. Nikasema ongeza tena. Nikagundua kwamba nikiligeuza boksi kidogo kuna pembe moja ambapo mngurumo unapungua, basi nikalishika hapo hapo kwa mikono miwili, kifuniko wazi (shaba ionekane!), na kutoka ndani ya ule mngurumo nikaanza kusikia kinanda cha mbali sana, na mimi nilivyo, nikasahau watu wote walionizunguka, nikabaki naelea.

Simu ikaita. Nyemo. Nikabonyeza kwa kidole kimoja, nikailaza juu ya boksi, karibu kabisa na ile shaba, nikainamisha sikio.

"Elia, sikiliza haraka. Sogeza spika upande wa kulia wa baba. Sikio la kushoto limeziba, hasikii kitu, na hataki mtu ajue, hata mchungaji hajui."

Nikawaza, leo mtandao uko safi kweli, sauti yake imejaa kila mahali.

"Na mwambie baba yako mkubwa asirudie kuhutubia, huku ndani mashangazi wawili wameshalala."

Hapo nikainua macho. Uani hakuna aliyekuwa anatafuna. Juma ameweka mikono kichwani. Mchungaji amegeuka polepole, analitazama lile sikio. Na spika zote mbili, kwa sauti ya mchumba wangu, zikauliza, "Elia? Mbona nasikia sauti yangu huko nje?"

Shaba ilikuwa imedaka sumaku ya simu na kumwaga maneno yote uani. Nilipoikwapua simu nikaangusha boksi, kishindo chake kikatokea kwenye spika, mama mmoja akaita jina la Yesu.

Mzee Sogodi akasimama. Nikangoja matusi, nikangoja fimbo.

"La kulia zima," alisema. "Na limesikia." Akaingia ndani.

Baba mkubwa akaninong'oneza, "Tuondoke?" Akilini nilimwona Nyemo akienda mbali nami kama vile stesheni inavyofifia, na hakuna kitufe cha kumrudisha. Kisha shangazi mmoja (mwenye macho ya usingizi) akatokea mlangoni akaniita.

Sebuleni Nyemo alikuwa analia, mzee amekaa kando yake. Nikapiga magoti. "Shikamoo baba. Nisamehe."

"Marahaba. Njoo huku, upande huu." Nikahamia kulia kwake. Akasema, "Mchungaji amekuwa akininong'oneza mambo ya kanisa upande ule tangu masika, na mimi naitikia tu ndiyo, ndiyo. Sijui nimekubali mangapi."

Nyemo akacheka katikati ya machozi. Mzee naye mabega yakaanza kutikisika, akacheka mpaka akafuta macho, kisha akaniambia, "Sasa nenda kaondoe ule mngurumo. Nimeisubiri redio."

Nikapanda bodaboda nikiwa na suti, mpaka Ipagala, nikachukua ile ndogo, nikarudi na vumbi hadi kwenye kope, nikalehemu barazani wageni wakila na kunitazama. Juma akafungulia. Safari hii hapakuwa na mngurumo, ila kinanda kilekile, kisha mwanamke anayeongea taratibu kutoka sijui wapi. Jua lilikuwa linashuka, uani pamekuwa pekundu, na Mzee Sogodi ameegesha sikio lake zima kwenye spika mbele ya kila mtu, macho ameyafumba, midomo inacheza. Alikaa hivyo mpaka chai ikapoa. Hakuna aliyethubutu kumsemesha, mahari ilijadiliwa kwa minong'ono.

Tangu hapo nimeapa: transfoma naichagua kwa kazi yake, hata iwe na sura mbaya namna gani, na sipokei simu karibu na koili ya shaba iliyo wazi. Watu wa Nyemo hawakuniamini, ndiyo maana siku ya harusi, kabla hata sijakaa, mshereheshaji alinipekua mifuko ya suti mbele ya ukumbi mzima, akaitoa simu yangu, akampa mama mkwe aikalie.