Maji ya Kwanza ya Bibi Lin

Usidhani nakutungia. Haya yalinipata mwenyewe, mchana kweupe, hapa Lidcombe, mtaa wa Sydney, na akili zangu zote ninazo.

Kazi yangu ni kupikia watu sherehe. Baada ya mafua makali, ulimi na pua vilikufa. Chumvi, iliki, kitunguu kilichoungua, vyote kwangu maji matupu. Nilificha, mpaka Mama Neema alipoonja pilau ya majaribio ya harusi ya mwanawe.

"Dada, hii pilau au umechota bahari?"

Alicheka, lakini akasema Ijumaa ataonja tena, na isipofaa atatafuta mpishi mwingine. Habari kama hiyo ikienea kwa Waswahili wa Sydney, nani ataniita tena?

Narudi nyumbani nimeinama, jirani wa ghorofa ya chini, Bibi Lin, akaniita kwa mkono. Tulizoea kusalimiana tu. Nikaingia. Birika la umeme lilikuwa linatokota, na waya wake, niamini, umelala sakafuni haujachomekwa. Nikajiambia labda amechomoa sasa hivi.

Akatia majani meusi yaliyojisokota katika buli dogo la udongo. Kwa Kiingereza cha kuungaunga akaniambia ni chai ya kwao, milima ya Wuyi, huko China. Miti yake huota kwenye nyufa za miamba, na majani hukaangwa polepole juu ya makaa yaliyofunikwa majivu. Akamimina maji ya kwanza kwenye kikombe, akakisogeza kando. Sisi tulilelewa kwamba kuacha kikombe cha kwanza ni kumdharau mwenyeji. Nikakichukua, nikanywa, huku macho yakitafuta maziwa na sukari.

Akakitazama kikombe kitupu.

"Hicho kilikuwa changu," akasema. "Basi, mwanangu, kunywa."

Ulimini ulikuja moshi kwanza. Kisha jiwe lililonyeshewa mvua, kisha ukoko wa wali, na mwisho utamu uliokaa kooni ukakataa kuondoka. Nilionja! Nililia mbele ya mwanamke yule, naye akaendelea kumimina.

Kesho yake nikampelekea sahani ya pilau. Aliyefungua ni binti yake, anafungasha vyombo. Akaniambia mama yake walikuwa wamemzika wiki iliyopita. Sikukubali, nikawauliza majirani mmoja mmoja. Jibu likawa lile lile. Niliporudi nikamsimulia ile chai, binti akanieleza kwamba maji ya kwanza huosha majani tu, hayanywewi. Tangu mazishi, yeye huyamimina kwa ajili ya mama yake. Akanipa majani yale yaliyobaki.

Kumbe nilikunywa fungu la marehemu, naye akaniachia. Ijumaa Mama Neema alikula akamaliza, akaomba sahani ya pili. Nani mwingine angenipa zawadi ile?

Ulimi wangu haujapotea tena. Kila nikipika chai hiyo, maji ya kwanza nammwagia Bibi Lin, nikimshukuru kwa jina. Nawe ukikaribishwa, usikimbilie kikombe. Uliza kwanza ni cha nani. Si kila marehemu ana moyo kama wake.