Bando la Mama Kasimiri

Filomena si mtu wa kusahau. Ukimkosea leo anakutazama, anacheka kidogo, halafu analiweka moyoni, na likishaingia huko halitoki. Ni fundi cherehani wa Mbagala, mama wa Kasimiri, na mwaka mzima huu alishona sare za watoto wa watu huku kamwekea kisasi mtu mmoja tu: jirani yake Marietha, Mama Jesca.

Kisa chenyewe ni bando. Usicheke, sikiliza kwanza.

Kikundi chao cha akina mama kina desturi. Shughuli ikiwa mbali wanakodi Kosta, wanavaa kitenge kimoja, na mmoja wao kwa zamu ananunua bando kubwa la intaneti la kuwarushia wenzake kutoka simu yake njia nzima. Mwaka jana zamu ilikuwa ya Filomena. Siku ya safari mama yake, Bi Bernadeta, alikuwa wodini Masasi akisubiri kupasuliwa saa nne asubuhi, na Venance, mdogo wake Filomena, alikuwa ameahidi kupiga video mama na binti waonane kwanza. Filomena hakutangaza ugonjwa wa mama yake garini. Aliwaomba tu wenzake watume meseji basi, wasifungue video. Wote wakaitikia. Marietha naye akaitikia, kisha akajiinamia akaanza kupakua video za harusi, moja baada ya nyingine.

Saa nne kasorobo bando likakata. Filomena akanunua lingine, mtandao ukamjibu: ombi lako linashughulikiwa. Likashughulikiwa weee, mpaka mama akaingizwa chumba cha upasuaji. Hakutoka mzima.

Na pale garini, Filomena alipolalamika, Marietha alimcheka. "Bando tu hilo, mwenzangu. Utanunua lingine." Msibani akaja akalia kuliko wafiwa, akagawa chai, akaosha masufuria. Filomena akawa anamtazama tu.

Basi, mwaka huu ikaja safari ya Bunju, kumtoa mwali wa mwenzao. Filomena akaomba zamu ambayo haikuwa yake. Akawaambia wenzake wasihangaike, bando lipo la kumwaga. Wakamsifu kwamba siku hizi moyo wake umepoa. Umepoa wapi! Alishasikia kwamba Jesca, binti wa Marietha aliyekwenda Muscat kwa kazi za ndani, hapewi simu ila Jumamosi saa nne, dakika chache tu, na kwamba mama mtu hajamwona huu mwezi wa pili.

Saa nne ikawakuta Tegeta. Marietha alikuwa kiti cha mbele ya Filomena, simu kaishika kwa mikono miwili. Ikaita. Uso wa Jesca ukatokea, umekonda, macho yametoka.

"Shikamoo mama. Nisikilize haraka, kuna jambo..."

Filomena akagusa simu yake mara moja. Uso wa mtoto ukaganda, kisha ukapotea.

Nyuma huko wenzao wakaguna kwamba neti imekata. Marietha akageuka, akaomba arushiwe tena, dakika moja tu, mtoto alikuwa na la kusema. Filomena akasogea mpaka karibu na sikio lake.

"Bando tu hilo, Mama Jesca. Utanunua lingine."

Jamani, ilikuwa tamu. Msije mkamsingizia majuto, hakuwa nayo hata chembe. Alimwangalia mwenzake akibonyeza namba za kununulia bando, akausoma kwa juu ya bega ule ujumbe wa ombi linashughulikiwa, na kifua chake kikawa chepesi kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Akazima na data yake kabisa, asije mtu mwingine akaomba.

Marietha alihangaika na simu yake kutoka Tegeta hadi Boko. Alipogeuka, uso wote ulikuwa umelowa.

"Siku ile ulikuwa unamsubiri mama yako," akasema. Hakuwa anauliza.

"Walimfunga kilemba kipya ili nimwone," Filomena akajibu, akaangalia dirishani.

Bunju alicheza ngoma kuliko mwenye shughuli. Alikula pilau akaongeza, akataniana na mawifi wa mwali. Marietha alikaa pembeni kwenye mkeka, simu mapajani, akipiga namba ambayo sasa haipatikani. Filomena alimwona, na akaendelea kucheza.

Alasiri akawasha data ampigie Kasimiri. Ikaingia meseji ya Jesca, yule mtoto ambaye Filomena alimshonea sare tangu darasa la kwanza.

"Shikamoo Mama Kasimiri. Mama amekatika, nimeona nikuandikie wewe, wewe hukosagi bando. Leo wananihamishia nyumba nyingine, mbali, na simu wananinyang'anya. Nipigieni sasa hivi niwape namba ya dada mmoja atakayejua nilipo. Sasa hivi tafadhali."

Filomena akapiga. Haikuita. Akaandika: Jesca mwanangu, mama yako yuko hapa. Ikatokea tiki moja. Akaikodolea macho kusubiri ya pili, ya kwamba imemfikia, huku nyuma yake wanawake wanapiga vigelegele, na ya pili haikuja.

Akaenda mpaka kwenye mkeka, akampa Marietha simu. Marietha akasoma taratibu, midomo inacheza, akarudia tena kutoka mwanzo. Hakulia, wala hakutukana.

"Imeingia saa ngapi hii?" akauliza.

Filomena hakuhitaji kuangalia.

"Aliituma saa nne na dakika sita."