Namba Nane Kwenye Mnyororo wa Maombi

Kwa miaka sita Loretta Pruitt alikuwa amekata na kupaka rangi nywele za nusu ya wanawake wa mji ule mdogo wa jimbo la Missouri, Marekani, na siri alizosikia saluni kwake zingetosha kuvunja ndoa ishirini. Hakuna hata moja iliyotoka. Mdomo wa kutania alikuwa nao, tena mkali, lakini kwenye mambo ya watu alikuwa kaburi.

Siri yake mwenyewe ilikuwa moja. Binti yake Tessa, mwenye miaka kumi na mitatu, alipozaliwa aliandikwa mvulana. Walihamia pale akiwa na miaka saba, tayari ana jina lake na nywele zake ndefu, na mji ukampokea kama binti yeyote. Sasa alikuwa kwenye timu ya wasichana ya mbio za nyika shuleni. Mara nyingi alimaliza wa kumi na tisa, anacheka.

Mwaka ule wabunge wa jimbo walianza kuvutana juu ya watoto kama yeye, nani akimbie na nani, madaktari wawatibu au wasiwatibu. Asubuhi moja kliniki inayomtibu Tessa ikampigia Loretta simu saluni kusema haijui kama mwezi ujao itakuwa wazi. Kwenye kiti cha saluni alikuwa Maurine Ogletree, jirani yake wa ng'ambo ya barabara, kichwa kimejaa rola. Siku Loretta anahamia, Maurine ndiye aliyemletea bakuli la kuku na tambi. Magauni ya Tessa ya Pasaka ndiye aliyeyashona. Loretta akashindwa kujizuia. Akamwambia yote, huku analia, uso kwenye taulo.

"Niombee, lakini liwe ombi la kimya," akasema. Kanisani kwao mtu akiomba hivyo hutajwa jina tu, na hakuna anayeuliza ana shida gani.

"Limeishia hapa hapa, mpenzi," akasema Maurine.

Mnyororo wa maombi wa kanisa lile ulikuwa na wanawake kumi na mmoja, kila mmoja akimpigia simu anayemfuata kwenye orodha. Maurine alikuwa namba moja, Loretta namba nane. Alhamisi, Loretta akiwa anafagia saluni, simu ikalia. Alikuwa namba saba, Bibi Beulah Stamps, ajuza wa miaka themanini na sita ambaye kila ombi huliandika na kulisoma neno kwa neno.

"Shika kalamu, mwanangu. 'Tumwombee mwana wa kiume wa Loretta, anayevishwa nguo za kike na kukimbia na mabinti zetu.' Hebu ngoja. Hapa chini nimeandika, 'Maurine kasema ruka namba nane.' Namba nane ni nani vile?"

"Ni mimi, bibi."

"Basi fanya kama sikupiga."

Loretta akavuka barabara mpaka kwa Maurine, aproni yake kiunoni. Alimkuta jikoni anamenya viazi, wala hakuacha.

"Nimekuombea, si ndivyo ulivyotaka?"

"Miaka sita unamwita Tessa. Leo amekuwa mwana wa kiume?"

"Mbele yako ni Tessa. Mbele za Mungu siwezi kudanganya."

"Na kuniruka?"

"Sikutaka uumie."

Hapo ndipo Loretta alipochomwa. Mtu akiropoka unaweza kumsamehe. Huyu alikaa na orodha mkononi, akafikiria vizuri nani asikie na nani asisikie. Loretta aliondoka bila kufunga mlango.

Ijumaa kuna mzazi aliyelalamika shuleni. Kocha Hargis wa timu ya Tessa akapiga simu: mpaka cheti cha kuzaliwa kionekane, Tessa asije mashindanoni kesho.

"Sina la kufanya, Loretta."

Tessa alisikiliza habari hiyo akiwa mezani, kijiko mkononi. Hakulia.

"Nani kasema?"

"Maurine."

"Nani alimwambia Maurine?"

Loretta akaanza kupangusa meza. Mtoto akamtazama mpaka akaelewa.

"Kaylin ni rafiki yangu tangu darasa la pili," akasema Tessa. "Nimelala kwao, kalala kwetu. Kila mara nilitaka kumwambia. Ukanikataza, ukasema hatuwezi kumwamini mtu yeyote. Mimi nikanyamaza, mama."