Siku Mama Spika Alipounyamazisha Mwezi

Mama Spika, binti wa mtengeneza baiskeli, mjukuu wa mpiga kengele wa kiwandani, mjane wa fundi redio. Mkodisha spika wa harusi zisizo idadi, aliyewahi kumzimia maikrofoni bwana harusi alipoanza kutaja wachumba wake wa zamani. Ambaye vyombo vyake havijamtia aibu hata siku moja: ndiye aliyekwenda kumfungia spika mtoto wa kaka yake katika ukumbi wa chuo. Wakubwa wa chuo walikaa mbele. Wakiridhika na utafiti wake, kijana angepata kazi chuoni hapo.

"Sayari ile kubwa," kijana alieleza, "ina uga wa sumaku unaozunguka nayo kwa kasi. Mwezi wake una hewa nyembamba. Uga ukiikumba hewa ile, chembe zenye umeme, yaani plazma, hutikisika na kutoa mawimbi. Tumeyanasa, tukayageuza sauti. Sikilizeni."

Fiiiuuu! Krrr! Fiiiuuu!

Moyo wa Mama Spika ukapasuka paa! Mikwaruzo, kwenye spika zake, mbele za watu! Akachomoa waya, akaupuliza, akaurudisha. Fiiiuuu. Akaizaba spika kofi la mama mzazi. Krrr. Akashusha vitufe vya sauti, kimoja kimoja, mpaka ukumbi ukawa kimya.

"Poleni, jamani," akatangaza akijifuta jasho. "Nimeshayatoa."

Watu wakapiga makofi. Kijana akashika kichwa.

"Shangazi! Umetoa nini?"

"Makelele, mwanangu. Yalikuwa yanakuharibia."

"Makelele hayo ndiyo utafiti wangu!"

"Umesomea makelele? Baba yako anajua?"

Mzee mmoja wa mbele, mwenye miwani, akafunga kalamu yake na kuinuka. Mama Spika akaiona kazi ya mtoto inaondoka na mzee yule.

"Keti, baba!" akanguruma, akapandisha vitufe vyote mpaka mwisho.

FIIIUUU! Madirisha yakatetemeka. Miwani ya mzee ikateremka hadi ncha ya pua. Akaketi, mdomo wazi.

"Hapo pa firimbi," akasema taratibu, "hebu rudia."

Kijana akarudia, akieleza kila mlio umezaliwa wapi katika hewa ya mwezi. Mzee akauliza, akajibiwa, akauliza tena. Walipotoka nje, kazi ilikuwa ya kijana.

"Shangazi, wameniomba nizungumze tena wiki ijayo. Utakuja?"

"Thubutu! Nikiusikia mlio ule, mkono utanichomoka niuzime." Akamsukumia spika mbili ndogo kifuani. "Za mwezi zitakuwa hizi, na mwenye kuzitunza ni wewe. Haya, anza na waya huo. Kunja kwa viganja, siyo kwenye kiwiko kama unakunja kamba ya mbuzi."