Miti Mitatu ya Mkaratusi

Sogea karibu, msikilizaji wangu, maana jambo hili silisemi kwa sauti kubwa. Hata leo, nikisikia harufu ya mkaratusi unaoungua jikoni, hugeuka kumtafuta mama yangu, ingawa hayupo tena.

Kwetu Ntobeye, mvua za kwanza hutanguliwa na upepo mkali. Kwa hiyo kila mwaka, jua likiwa bado kali, Mama alikata miti ya mkaratusi yenye panda juu, akaegemeza kila mgomba uliobeba mkungu. Mwaka ule alikuwa mjamzito, akifanya kazi hiyo taratibu, mkono mmoja kiunoni. Jirani yetu, Baba Yosefu, alisimama njiani akacheka.

"Mama Odilia, migomba yako umeigawia bakora kama wazee wa kanisa!"

"Cheka tu, baba. Wakianguka wazee hawa, utakuja kunipikia wewe?"

Kisha akanionyesha migomba mitatu ya mstari wa nyuma. "Odilia, mikungu hii itakomaa nikiwa nimejifungua. Ndiyo itakayotulisha mpaka nipate nguvu za kushika jembe."

Nilisikia vizuri, nilikuwa na miaka tisa. Lakini siku chache baadaye nilitumwa kuni mlimani, nikawakuta wenzangu wanacheza rede. Nilicheza mpaka jua likashuka. Ili nisirudi mikono mitupu, nilipitia mstari wa nyuma, nikachomoa ile miti mitatu iliyoegemeza migomba, ambayo jua lilikuwa limeshaikausha, nikaikatakata kuni. Migomba haikutikisika hata kidogo. Nikajiona mwerevu kuliko Mama.

Kesho yake mchana mawingu yalishuka meusi. Tuliingiza mbuzi, tukafunga dirisha kwa kamba, tukakaa mbali na mlango. Mvua ya mawe ilipiga bati hadi tukaacha kusikiana. Tulipotoka, shamba lilikuwa limesimama, majani yamechanika vipande vipande. Migomba mitatu tu ya nyuma ilikuwa imelala chini.

Mama alitazama matundu matupu ardhini. Akarudi jikoni, akachokoa majivu, akatoa panda moja ambayo haikuungua, akaiweka mbele yangu.

"Kesho tutakata mingine," alisema, basi.

Jioni alipika zile ndizi changa, akawaita na watoto wa Baba Yosefu, kwa kuwa hazikuwa za kuweka. Zilikuwa na ukakasi uliokaba ulimi. "Kula, mwanangu," akaniambia.

Mdogo wangu akazaliwa. Kitovu chake kilikuwa hakijadondoka Mama alipoanza kulima mashamba ya watu ili tupate chakula, mimi nikimshikia mtoto kivulini. Nilidhani mama yangu hachoki. Miaka mingi baadaye, nikiwa kitandani na kichanga changu, nikasikia jikoni mtu akinimenyea ndizi. Hapo ndipo nilipozielewa siku za kupumzika nilizomchomea Mama.

Kwa hiyo, kabla ya mvua za kwanza, zunguka shambani kwako. Kila mgomba wenye mkungu, tazama unainamia upande gani, simika mti wenye panda upande huo, ushindilie udongo, na usiuguse mpaka mkungu ukatwe.