Msiba wa Segerea na Usajili Wangu

Msimamizi wangu wa uzamivu alikuwa na tabia moja: simu hapokei, ujumbe anausoma, halafu anakuachia zile tiki mbili za bluu uzitazame. Na bila yeye kubonyeza kwenye mfumo wa chuo kwamba utafiti wangu unaendelea, mie sisajiliwi. Usajili ulikuwa unafungwa Ijumaa ile. Nisiposajiliwa, ruhusa ya masomo niliyopewa na mwajiri inakufa, narudi kufundisha Baiolojia kidato cha kwanza, na utafiti wangu wa fangasi wa karanga unalala kabatini. Nilikuwa nimebakiza sura moja tu. Sura moja, jamani!

"Prof yuko msibani Segerea, kafiwa na shemeji yake," katibu wa idara aliniambia Ijumaa yenyewe asubuhi, anakula chipsi wala haniangalii. Basi nikapitia nyumbani Temeke, nikajifunga khanga, nikaenda kwenye msiba wa watu nisiowajua.

Sasa msibani huwezi kumvamia mwanamume na habari za mfumo. Wanaume wako nje chini ya turubai, wanawake uani. Nikaingia uani, nikatoa pole, na kabla sijakaa sawasawa nimeshakabidhiwa kisu na beseni la vitunguu. Nikamenya. Ningefanyaje? Kila nikichungulia namwona Prof kule kwenye viti, mpole, utadhani siye anayezichora sura zangu kwa wino mwekundu. Vitunguu navyo vilikuwa vikali, loh! Macho yakavimba, makamasi yakashuka.

Mchana akaja uani kufuata maji ya kunawa, tukagongana macho.

"Shikamoo Prof. Pole na msiba."

"Marahaba." Akaduwaa. "Khaa! Kumbe na wewe umefiwa?"

Nikafungua mdomo. Mama mmoja aliyekuwa anakoroga sufuria akaniwahi: "Huyu ni wetu, baba. Tangu afike hajainua kichwa."

Prof akanishika bega, mtu ambaye ofisini kwake hajawahi hata kunikaribisha kiti. "Usiseme kitu, mwanangu. Najua kinachokuweka roho juu. Usajili, si ndiyo? Hilo naliondoa sasa hivi." Akavaa miwani, akatoa simu, akabonyeza mbele yangu.

Weee! Vitunguu vilivyobaki nilivimenya kwa furaha mpaka wale mama wakaanza kunitazama vibaya. Na wali nikala, nikaongezewa.

Jioni nikafungua mfumo: "Masomo yameahirishwa kwa mwaka mmoja. Sababu: kufiwa." Kwenye simu kulikuwa na ujumbe wa Prof, wa kwanza kabisa kunitumia bila kuombwa: "Pumzika mwanangu. Familia kwanza. Wala usinishukuru."

Nikampigia. Hakupokea.

Jumatatu katibu akaniambia usajili umeshafungwa, maombi ya kurudi yanapokelewa mwakani. Nililia na kubembeleza, wapi! Akanichapia barua ya kuahirisha, nikaipeleka shuleni kuripoti kazini. Mkuu wa shule akaisoma mpaka mwisho, akavua kofia, akatuomba walimu wote tusimame dakika moja kumkumbuka ndugu yangu. Na mie nikasimama, nikainamisha kichwa, nikaangua kilio cha kweli mpaka wenzangu wakanishika huku na huku kunitoa nje.