Fundi wa udi aliyeshtushwa na mikono yake siku ya Sabato

Saa nane mchana, Ijumaa. Wauza samaki wa soko la Mahane Yehuda, Yerusalemu, bado wananadi, lakini Yehezkel Kattan, 68, anafunga karakana yake ya kutengeneza udi, ala ya nyuzi. Gundi, patasi na nyuzi zinaingia kabatini. Kufuli la kwanza. La pili.

"Baba Sasson, siku hizi unafunga kama benki," muuza zeituni wa jirani anamtania, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Benki inaogopa mwizi wa nje," anajibu. "Mimi kikulacho changu ki nguoni."

Zamani alichonga hadi jua lilipokaribia kutua na Sabato kuanza. Sasa anapoteza saa tatu za kazi kila Ijumaa, tangu Sabato moja ya mwezi uliopita ambayo akiisimulia hushusha sauti.

Kwa miaka arobaini na mitatu, mzee huyu mwenye asili ya Baghdad ametengeneza udi na ala nyingine za nyuzi za watu. Hakuwahi kugusa ala siku ya Sabato, lakini hakuacha kulibishia katazo lenyewe. Marabi wa kale walizuia kupiga ala siku hiyo wakihofia kwamba ikiharibika, mpigaji ataitengeneza, na kutengeneza ni kazi.

"Nilikuwa nacheka," anasema. "Nilisema, ni nani mwenye akili zake atakayesahau Sabato kwa sababu ya uzi?"

Jumamosi hiyo shemeji yake Fuad, asiyeshika dini, alikuja kutoka Haifa. Baada ya kula kuku na wali uliolala motoni tangu Ijumaa, Fuad alishusha udi ukutani akaanza kupiga. Yehezkel alinuna, akajilaza kwenye kochi, akasinzia.

Uzi ukakatika.

"Alininyang'anya udi," Fuad anasimulia kwa simu. "Macho yake yalikuwa wazi kabisa. Nilidhani ananitania."

Yehezkel hakumbuki lolote la dakika hizo. Alipoangalia chini, udi ulikuwa mapajani, uzi mpya wa akiba umefungwa na kukazwa, ncha yake imekatwa. Mkasi wa kucha ulikuwa bado mkononi.

"Baba Sasson," mkewe, Najiya, alisema polepole, "umefanya nini?"

"Sijui."

"Aliuweka udi sakafuni kama kaa la moto," Najiya anasema. "Miaka arobaini ya ndoa, sijawahi kumwona hivyo. Hata babake alipofariki."

Yehezkel ndiye huongoza nyimbo za alfajiri ya Sabato katika sinagogi lao, nyimbo za sauti tupu. Jumapili asubuhi alikwenda kwa Rabi Menashe kujiuzulu.

"Tafuta mwingine, rabi. Nitasimamaje mbele ya watu?"

"Kaa kwanza," rabi alimwambia. "Asiyejua muziki, uzi ukikatika anakwenda kulala. Katazo lile liliwekwa kwa ajili ya fundi. Marabi wa kale walikujua kabla hujazaliwa. Hukukusudia; tubu, na Sabato uje uimbe."

Aliimba. Lakini maneno yale hayajamtoka.

"Miaka yote nilidhani wanatuona wajinga," anasema. "Kumbe walijua mikono yetu kuliko sisi."

Udi wa nyumbani sasa unalala karakanani, nyuma ya makufuli mawili, na kila Ijumaa anafunga mapema ili mikono yake iisahau kazi. Fuad amesema atarudi wakati wa Pasaka, na Yehezkel hajamkataza.

"Najua atakuja na udi wake," anasema. "Naomba nikisikia uzi umelegea, niuache hivyo hivyo hadi nyota zitoke na siku takatifu iishe. Sina hakika kama nitaweza. Nimemwambia Najiya akae karibu nami."